Je, Wajua? Dawa ya Ng'ombe Haiishii kwa Ng'ombe

Gisenyi ni mji wa mpaka. Alfajiri maziwa ya wilaya ya Rubavu huvuka kwenda Goma ndani ya mabidoni, na mchana mabidoni hurudi matupu. Chochote alichochomwa ng'ombe wa Mudende au Busasamana juzi kinaweza kuvuka nayo bila kuonyesha kitambulisho. Tumeifuata dawa ya mifugo hatua kwa hatua, kuanzia kalamu ya daktari hadi maji ya Ziwa Kivu. Rukaruka utakavyo, ila usiruke namba 17.

KWENYE KALAMU

1. Salamu ya kale ya Wanyarwanda ni ng'ombe. Mmoja husema "Amashyo", yaani upate makundi ya ng'ombe. Mwenzake hujibu "Amashongore", yaani yawe makundi ya majike. Mwaka 2006 salamu hiyo iligeuka sera: mpango wa Girinka hutoa ng'ombe mmoja kwa kaya maskini, na ndama jike wa kwanza huenda kwa jirani. Kwa hiyo sindano mbaya kwa ng'ombe wa Girinka huumiza nyumba mbili, iliyo naye na inayomngoja ndama wake.

2. Nchini Rwanda, kidonge cha bibi na sindano ya fahali viko chini ya mamlaka moja. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, inasimamia dawa za binadamu na za mifugo pia. Veterineri mwenyewe ana baraza lake: Baraza la Madaktari wa Mifugo la Rwanda.

3. Alama ya Rx juu ya ordonansi inatokana na neno la Kilatini *recipe*, "chukua". Anayeamriwa kuchukua si mgonjwa. Ni mtoa dawa. Karatasi ile tangu zamani ni barua kutoka kwa mtaalamu mmoja kwenda kwa mwingine, na mfugaji ndiye tarishi.

4. Barua iliyokamilika hutaja mnyama gani (namba ya herini ya sikio inatosha), uzito wake, ugonjwa, jina la dawa na nguvu yake, kipimo, njia ya kuitoa, siku ngapi, na siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja. Ikikosa hilo la mwisho, umepewa nusu karatasi.

5. Penisilini haiugusi ugonjwa wa ndigana kali. Wanyarwanda wanauita *ikibagarira*. Huletwa na kimelea *Theileria parva* kinachosafiri ndani ya kupe wa sikio, wala si bakteria. Dawa yake ni buparvakwoni, ndugu wa karibu wa atovakwoni, ambayo binadamu hunywa kwa malaria. Mfugaji anayechoma penisilini siku tatu "tuone kwanza" amempa kimelea siku tatu za bure.

6. Ipo chanjo ya ndigana inayomwambukiza ng'ombe kwa makusudi. Ilibuniwa Muguga, Kenya, na bado inaitwa mchanganyiko wa Muguga. Ng'ombe huchomwa vimelea hai, na papo hapo huchomwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu ili ugonjwa uwe mdogo na kinga ibaki kubwa. Vimelea hivyo hutunzwa katika naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Anayebana matumizi kwa kupunguza ile sindano ya pili hajachanja. Ameambukiza.

7. Chanjo ya kimeta na penisilini hazikai zizi moja. Chanjo hiyo ni mbegu hai za bakteria aliyedhoofishwa, na antibayotiki humuua kabla mwili haujajifunza kumtambua. Kwa hiyo "mpige zote mbili nikiwa hapa hapa" ni pesa mbili zilizotupwa.

8. Kabla ya kuchanja Homa ya Bonde la Ufa, daktari huuliza: ana mimba? Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha. Chanjo hai ya zamani, ya Smithburn, inatokana na virusi waliopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Inakinga vizuri, lakini inaweza kuangusha mimba. Rwanda ilikumbwa na homa hiyo mwaka 2018 na tena 2022, na wakati wa mlipuko kila mtu ana haraka. Hapo ndipo swali la mimba husahaulika.

DUKANI

9. Namba kubwa kwenye chupa ya oksitetrasaiklini si mapambo. Asilimia 10 ni miligramu 100 katika kila mililita. Asilimia 20 ni 200. Asilimia 30 ni 300. Mfugaji anayesema "nipe ile ya siku zote, mililita 20" anaweza kupata mara tatu ya dawa aliyoizoea, au theluthi yake.

10. Jina teramaisini, ambalo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wanalitumia hadi leo, lina udongo ndani yake. *Terra* ni ardhi kwa Kilatini. Oksitetrasaiklini ilitangazwa mwaka 1950 baada ya kupatikana kwa vijidudu wa udongoni.

11. Akiba haiozi, wasema wahenga. Tetrasaiklini huoza. Mwaka 1963 madaktari waliripoti wagonjwa walioharibika figo baada ya kumeza tetrasaiklini iliyopitwa na wakati. Haikuwa imepungua nguvu tu. Ilikuwa imegeuka kitu kingine. Mwanga na joto huiharakisha, ndiyo maana chupa zake nyingi ni za kahawia. Duka linalozipanga dirishani zipigwe na jua la Ziwa Kivu linauza rangi.

12. "Gisenyi kuna baridi, haihitaji friji." Inahitaji. Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na usiku wa baridi mjini hapa haufiki huko. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: chanjo zenye alumini zikigandishwa huharibika kabisa hata zikiyeyuka vizuri. Basi usiiweke kwenye friza karibu na samaki, wala usiilaze moja kwa moja juu ya barafu.

13. Kifungashio hatari kuliko vyote ni chupa ya soda. Dawa ya kuogeshea iliyopimwa humo "kidogo tu, ya ng'ombe mmoja" hufika nyumbani bila jina, bila onyo, na ikiwa na umbo ambalo kila mtoto analijua. Mtoa dawa akikupimia kwenye chupa ya soda, muombe chupa nyingine. Akikataa, tafuta duka jingine.

14. Pande zote mbili za mpaka huu utakutana na lebo za Kifaransa. Maneno mawili ya kukariri: *délai d'attente*, au *temps d'attente*. Ni muda wa kusubiri. *Lait* ni maziwa, *viande* ni nyama, *jours* ni siku. Usipoyaona popote kwenye boksi, uliza kabla ya kulipa.

15. Dawa moja ya nagana ilihamia maabara. Homidiamu ilichomwa kwa ng'ombe wa Afrika tangu miaka ya 1950. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba hujipenyeza katikati ya DNA na kung'aa kwenye taa maalumu, wakaifanya rangi ya kuonyeshea vinasaba. Maabarani huishika kwa glavu kwa sababu inashukiwa kubadili vinasaba. Zizini iliwahi kushikwa kwa mikono mitupu.

16. Chakula cha kuku kinaweza kuua farasi. Monensini, inayochanganywa kwenye baadhi ya vyakula kuzuia koksidia, huvumiliwa na kuku lakini huharibu moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo. Na kwa wenye paka: paracetamol, hata kidonge kimoja, na permethrini ya kuua viroboto vya mbwa, zote zinaweza kumuua paka.

KWENYE SINDANO

17. Tulikuambia usiruke hii. Tilmikosini ni dawa nzuri ya nimonia ya ng'ombe. Ikimwingia binadamu kwa sindano iliyoteleza, hushambulia moyo, na hakuna dawa ya kuitengua. Watu wamekufa hivyo. Haivutwi ndani ya sindano na kutembea nayo mfukoni, haiwekwi kwenye sindano ya kujijaza yenyewe, na haichomwi kwa ng'ombe asiyefungwa imara. Ukijichoma, weka barafu mahali hapo, chukua chupa uende nayo hospitali. Daktari atataka kusoma lebo.

18. Wajawazito na wenye pumu wasishike kabisa prostaglandini, homoni ya kuwaleta ng'ombe kwenye joto kwa pamoja ili wapandishwe kwa mrija. Hupenya ngozi. Tone likimwagika mkononi linaweza kukaza mfuko wa uzazi au kubana kifua. Katika nyumba nyingi za hapa, anayemshikilia ng'ombe wakati wa kupandisha ni mama mwenye nyumba. Veterineri amuulize kwanza, tena kwa faragha.

19. Chanjo zenye mafuta ndani nazo hazina mzaha. Ukijichoma kidoleni, tundu huonekana dogo na maumivu madogo, lakini mafuta yanaweza kukata damu ya kidole hadi kipotee. Ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakuna damu inayotoka.

20. Utepe wa fundi cherehani unatosha kuwa mizani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Uzidishe kwa wenyewe. Zidisha kwa urefu wa mwili, kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa tako. Gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzunguko wa 160 na urefu wa 140 ana takriban kilo 330. Ukimkadiria kwa jicho ukasema 250, umemnyima karibu robo ya dozi, na bakteria waliobaki watakushukuru.

21. Ukubwa wa mnyama si ukubwa wa dozi. Ng'ombe hulala kwa zailazini takriban moja ya kumi ya ile anayohitaji farasi wa uzito uleule. Aliyesoma dozi ya farasi akampa ng'ombe huenda asimwamshe tena.

22. Sindano moja kwa zizi zima ni kupe wa chuma. Damu kidogo inayobaki kwenye ncha inatosha kuhamisha ndigana baridi kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Veterineri anayechanja ng'ombe 40 kwa sindano moja anaweza kuondoka akiwa amekinga ugonjwa mmoja na kupanda mwingine.

23. Ng'ombe aliyezaa jana akilala chini asiweze kuinuka, masikio yakiwa baridi, mara nyingi amekaukiwa kalsiamu. Chupa ya mshipani humwinua mbele ya macho yako, na hakuna tiba inayompa veterineri sifa kama hiyo. Ila kalsiamu ileile ikikimbizwa husimamisha moyo. Hupashwa hadi joto la mwili, huteremka polepole, na mkono mmoja hukaa juu ya moyo muda wote.

24. Choma shingoni. Sindano ya pajani huacha kovu na wakati mwingine jipu ndani ya nyama ghali zaidi ya mnyama, na mchinjaji hulikuta baada ya wewe kulipwa. Kwa ndama yapo madhara mengine: mshipa wa fahamu wa mguu unapita huko huko.

25. Kunyweshwa dawa ya minyoo kwa chupa kumeua ng'ombe wengi kwa njia isiyo ya minyoo. Kichwa kikiinuliwa juu sana au ulimi ukivutwa, dawa hushuka mapafuni. Pua iwe sawa na macho, chupa ipite pembeni mwa mdomo, na akikohoa, acha. Na kama ni albendazoli, isipewe wiki za mwanzo za mimba: inaweza kumlemaza ndama aliye tumboni.

26. Kuku mmoja, jicho moja, tone moja. Hivyo ndivyo chanjo ya kideri ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingi, inavyotolewa vijijini Tanzania na Msumbiji. Ukichanja kwa maji ya kunywa, jihadhari na maji ya bomba: klorini inayotukinga sisi huua chanjo. Wenye kujua huweka kwanza unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, klorini imalizwe nao.

KWENYE KOPO LA MAZIWA

27. Kiwango cha juu cha penisilini kinachokubalika kimataifa katika maziwa ni mikrogramu 4 kwa kilo. Kwa lugha ya jikoni: gramu 4, chini ya kijiko cha chai cha chumvi, ndani ya takriban lita milioni moja. Sindano moja ya ng'ombe mkubwa inaweza kubeba gramu kadhaa. Hivyo ng'ombe mmoja asiyesubiriwa anaweza kuharibu tangi zima la majirani.

28. Mama anayegandisha *ikivuguto* anayo maabara nyumbani. Maziwa yenye antibayotiki hukataa kuganda, kwa sababu bakteria wema wa kugandisha ndio wa kwanza kufa. Watengeneza jibini wa nyanda za Gishwati wanaijua hasara hiyo: chungu kizima hubaki maji. Kisa hicho kikikutokea, usiulaumu mtindi wa mbegu. Uliza nani amemtibu ng'ombe wiki hii.

29. Kipimo cha spiriti katika kituo cha kukusanyia maziwa huona maziwa yaliyoanza kuchachuka. Hakioni dawa. Kipimo cha dawa ni kingine: bakteria wa kupenda joto hulazwa kwenye jeli ya zambarau pamoja na tone la maziwa. Wakiishi, jeli hugeuka njano. Zambarau ikibaki zambarau, wamekufa, na kilichowaua kimo ndani ya maziwa.

30. Kuchemsha hakusaidii. Moto huua vijidudu vya brusela na kifua kikuu, na kwa hilo chemsha kila siku. Lakini penisilini nyingi hupita salama kwenye sufuria na kufika kwenye kikombe cha mtoto.

31. Ziko tyubu za kutibu *ifumbi*, ugonjwa wa kiwele, zilizotiwa rangi ya bluu makusudi. Maziwa yakitoka na bluu, dawa bado imo. Lakini rangi kuisha si ruhusa. Hesabu ya siku kwenye boksi ndiyo ruhusa. Na kabla ya kuingiza tyubu, futa chuchu kwa pamba yenye spiriti, la sivyo umesukuma uchafu ndani kwa dawa.

32. Ivamektini ilitoka kwenye udongo uliochukuliwa karibu na uwanja wa gofu nchini Japani. Iliingia sokoni kwa mifugo mwaka 1981. Tangu 1987 hutolewa bure kwa binadamu wenye usubi. Mwaka 2015 Satoshi Ōmura na William Campbell walipata Nobel kwa ajili yake. Pamoja na sifa zote hizo, ivamektini ya sindano si ya ng'ombe anayekamuliwa kwa ajili ya watu: hukaa kwenye mafuta na kutoka ndani ya maziwa kwa wiki nyingi.

33. Kloramfenikoli imepigwa marufuku kwa wanyama wa chakula katika nchi nyingi; Ulaya tangu 1994. Kwa watu wachache huzima kabisa kiwanda cha damu ndani ya mifupa, na wataalamu hawakuweza kuweka kiwango chochote salama. Ndiyo maana haina siku za kusubiri. Jibu lake ni hapana.

MAJINI NA ANGANI

34. Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa kitoweo cha pande zote mbili za mpaka. Hula wadudu wadogo sana wa majini, na dawa za kuogeshea za jamii ya pairethroidi huwaua wadudu hao, na samaki wenyewe, kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Mto Sebeya unapita katikati ya mashamba kabla ya kuingia ziwani, na mtambo wa maji wa Gihira huchota humo humo. Bomba la kupulizia likioshwa Sebeya, dawa ya kupe imeingia kwenye sufuria mbili: ya sambaza na ya chai.

35. Kupe hujifunza. Uganda, wafugaji wengi wamejikuta na kupe wasiokufa kwa dawa, mara nyingi baada ya miaka ya kuchanganya nyepesi, kuchanganya mbili pamoja kwa kubahatisha, na kubadili jina la dawa bila kubadili kundi lake. Chupa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa dawa ileile. Uliza kundi, usiulize rangi ya lebo.

36. Dawa ya maumivu ya ng'ombe iliwahi kuwaua ndege. Huko India, Pakistani na Nepali, tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe waliochomwa diklofenaki walikufa kwa figo. Tumbusi wa mgongo mweupe nchini India walipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Chanzo kilithibitishwa mwaka 2004, na mwaka 2006 nchi hizo tatu zikaipiga marufuku kwa mifugo. Meloksikamu hufanya kazi ileile bila kuwadhuru.

37. Mwaka 2015 watafiti wa China waliripoti bakteria wa nguruwe wenye kinasaba cha kushinda kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka mwisho kabisa. Kinasaba hicho hurukia bakteria wengine kama jirani anayeazimisha jembe. Miaka miwili baadaye China ilikomesha kolistini kama kinenepesha mifugo. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, alikwisha onya alipopokea Nobel mwaka 1945: dozi pungufu huwafunza vijidudu kuishi.

38. Wako wagonjwa wa Rubavu wasiofungwa kamba. Hifadhi ya Volkano inagusa wilaya hii, na sokwe wa milimani wana madaktari wao, wanaotibu kwa mshale wa sindano, tena pale tu maisha yanapokuwa hatarini au madhara yametoka kwa binadamu. Mwaka 1988, surua iliposhukiwa kuwaingia, sokwe 65 walichanjwa kwa mishale. Dozi ya mshale hairudiwi kirahisi; hupimwa mara moja na sawasawa.

39. Katika miaka ya 1890 sotoka, ambayo Wanyarwanda waliiita *umuryamo*, ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Huko Muguga, Walter Plowright alitengeneza chanjo yake salama; baadaye ikapatikana ya kuvumilia joto, na wafugaji wenyewe wakafundishwa kuichoma mbali na barabara na friji. Sotoka ya mwisho ilionekana kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kuwa imekwisha. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa, baada ya ndui, na ulifutwa kwa kazi za namba zilizotangulia hapa: chupa iliyotunzwa, dozi iliyopimwa, sindano iliyoingia mahali pake. Leo chanjo hiyo huikuti katika duka lolote la Gisenyi wala Goma. Hakuna ng'ombe anayeihitaji.